Zulia Lisiloliwa

Jumanne, 2 Aprili

Daftari hili nimelinunua mwenyewe na kalamu nimeinunua mwenyewe. Mkwe wangu, mke wa mwanangu, ndiye mwenyekiti wa kikundi chetu cha mabwawa. Alisema atamtafuta mtu wa kuniandikia. Niandikiwe mimi? Kuandika nilijifunza nina mvi tayari, darasa la watu wazima, na mwalimu alisema herufi zangu zimesimama kama nguzo za nyumba. Naandika ili siku ya mavuno, watu wakibeba mabeseni mpaka shingo zinauma, ijulikane nani aliwalea samaki hawa.

Samaki wetu ni mwatiko. Rangi ya fedha, mkia kama mkasi uliofunguliwa, na kinywani hana jino hata moja. Huzaliwa mbali baharini, watoto wake wakasukumwa na maji mpaka ukingoni, na sisi tunawachota na kuwalea kwenye mabwawa ya maji ya chumvi nyuma ya mikoko. Mlezi wa bwawa mwaka huu ni mimi. Hakukuwa na kura. Nani angeshindana na mimi? Baharini waliniita Kipanga kwa sababu ya macho. Nahodha alikuwa hatazami maji, alikuwa ananitazama mimi.

Ijumaa, 5 Aprili

Bwawa limekauka, tope limepasuka vipande vipande. Hivyo ndivyo linavyotakiwa. Tumemwaga samadi ya kuku. Mlinzi wetu ni shemeji yangu, kaka wa marehemu mke wangu. Wanamwita Kobe kwa sababu ya mwendo wake. Tumezaliwa mwaka mmoja, na tangu nilipomwoa dada yake hajawahi kuniambia neno la heshima.

Leo kasema, "Kipanga, hiyo samadi ungejipaka kichwani, labda nywele zingerudi."

Nikamwambia, "Na wewe jipake miguuni, labda utafika kwako kabla mwaka haujaisha."

Akina mama wa kikundi walicheka mpaka wakaweka ndoo chini.

Jumatatu, 8 Aprili

Tumeingiza maji kidogo, ya kufika kwenye kifundo cha mguu. Zulia limeanza kuota. Zulia ni ule utando wa kijani unaotanda juu ya tope, laini, unateleza. Mwatiko hula huo. Mlezi mbaya halioti kwake.

Ijumaa, 12 Aprili. Bamvua

Maji makubwa ya bamvua yameleta watoto wa samaki. Tumechota tangu alfajiri kwa vyandarua, mimi mbele, kikundi nyuma. Mtoto wa mwatiko ni kama uzi wa kioo. Huoni mwili, unaona nukta tatu tu, macho mawili na kitumbo. Ukimweka kwenye chombo anazunguka ukingoni bila kuchoka, na wenzake wote wanazunguka njia hiyohiyo.

Sasa katikati yao huja na watoto wa samaki mwingine, tunamwita domo-pana. Huyo ni bapa kama utepe, anajikunja. Akiwa mdogo hana madhara. Akikua ana kinywa cha kumeza mwenzake mzima mzima. Ndiyo maana lazima kuchambua.

Mkwe wangu alikuja na beseni jeupe. "Baba, akina mama wanne wakae na beseni hili, wachambue taratibu. Kwenye weupe nukta zinaonekana."

Nikamwambia, "Mwanangu, mimi nilikuwa nachambua samaki kabla baba yako hajapata mchumba."

"Najua, baba. Lakini macho ya watu wengi..."

"Kipanga anahitaji macho ya watu wengi?"

Beseni jeupe silipendi, likipigwa na jua linanichoma macho mpaka machozi yanatoka. Nikachukua ndoo yangu nyeusi niliyoizoea, nikakaa kivulini peke yangu, nikawaambia wote waende kunywa chai. Nilikuwa nimemaliza kabla hawajarudi. Kobe alikuwa ananishikia ndoo, akasema, "Kipanga, unachambua au unapiga ramli?" Nikamwambia ashike ndoo vizuri.

Wote wameingia bwawani salama.

Jumamosi, 13 Aprili

Wako hai.

Jumamosi, 20 Aprili

Mvua. Sikutoka.

Jumapili, 28 Aprili

Mvua imepiga siku mfululizo. Maji ya mvua ni matamu, hukaa juu ya maji ya chumvi kama kifuniko, na samaki chini wanakosa pumzi. Kulipopambazuka mlango wangu uligongwa. Alikuwa ni Kobe, amekimbia. Kobe amekimbia! Alikuwa anahema, matope mpaka usoni. "Shemeji, wanatweta juu ya maji!"

Tukaenda. Tukafungua ubao wa juu wa lango ili maji matamu yatoke, kisha tukaingia bwawani na fimbo tukawa tunayachapa maji yapate hewa. Tuliyachapa mpaka jua likawa juu. Viganja vya Kobe vilichubuka. Mimi nilipumzika kidogo kwa sababu ya mgongo. Yeye hakupumzika.

Samaki walipona. Nimewaambia watu kwamba niliwahi kujua dalili za maji jana yake.

Ijumaa, 10 Mei

Kalamu za siku hizi wino wao mwepesi. Nimebadilisha tatu. Daftari jipya nitachukua lenye mistari mipana.

Jumatano, 5 Juni

Hakuna jipya. Samaki wanakua. Vivuli vyao navisikia, yaani naona maji yanavyotikisika.

Jumanne, 18 Juni

Leo nimetembeza wageni kutoka kikundi cha ng'ambo ya mkondo. Nikawaonyesha zulia langu. Limenona! Ukiingiza mkono unazama mpaka kifundo. Kwao zulia limetafunwa mpaka tope linaonekana, kwangu limejaa kama nyumba ya tajiri. Walinyamaza. Nadhani ni wivu.

Jioni mkwe wangu aliniletea chai, akakaa. Akasema, "Baba, kwa nini zulia haliliwi?"

"Kwa sababu ni jingi."

"Mwaka jana mwezi huu tulikuwa tunahangaika kuongeza samadi. Samaki walikuwa wanalimaliza."

"Mwaka jana mlezi alikuwa nani?"

Akanywa chai yake. Mwanamke huyu hawezi kumsifu mtu hata kidogo.

Alhamisi, 11 Julai

Ametaka tutupe kimia ili tuone ukubwa wa samaki. Nikatupa mimi. Kutupa kimia bado ni yangu, kilifunguka mviringo safi kama sinia. Tukavuta. Mwatiko wawili. Nikatupa upande wa pili. Mmoja. Nikatupa langoni. Majani.

Mwuza samaki, yule mama mwenye sauti kubwa, ndiye aliyesema kwa sauti ndogo: "Wengine wako wapi?"

Ijumaa, 12 Julai

Sikulala vizuri. Samaki hawana miguu. Wavu wa lango mzima, nimeushika wote kwa mikono, hauna tundu. Ndege hawawezi kumaliza bwawa. Basi ni mtu. Na mtu anayekaa bwawani usiku kucha ni mmoja tu.

Nimekwenda kwenye kibanda cha ulinzi. Nimekanyaga magamba nje ya mlango, nikayaokota.

Jumamosi, 13 Julai

Naandika kirefu kwa sababu kesho watu watasema mengi.

Nimeitisha kikao langoni. Walikuja wote. Kobe alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, anachokonoa meno, hana habari. Nikasimama. Nikasema bwawa limeibiwa na mwizi tunamlipa sisi wenyewe.

Kobe akacheka. Alidhani ni utani wetu. Akasema, "Kweli jamani, mimi ndiye mwizi. Na samaki wote nimewaficha kwenye kipara cha shemeji, tazameni kinavyong'aa!"

Watu wakacheka kidogo. Mimi sikucheka. Nikatoa magamba mfukoni nikayaweka juu ya ubao wa lango.

Akanitazama. Kicheko kilimtoka usoni polepole, kama kila kitu chake. Akasema, "Shemeji, hayo ni ya samaki wa sokoni. Mke wangu alinipikia juzi."

"Ni gamba la mwatiko."

"Si mwatiko."

Nikalinyanyua juu mwangani. Nikasema, "Mimi naitwa nani hapa? Jicho hili limewahi kukosea lini?"

Hakuna aliyejibu. Basi ikawa kama wamejibu. Mkwe wangu alisema tusubiri, tuangalie tena, lakini mwuza samaki akasema mzee ameshaona, na wengine wakamfuata. Kobe akasimama. Akasema, "Ulinitoa kwangu mwenyewe ukaniambia njoo tulinde pamoja. Mbele ya watu hawa wote?" Nikamwambia aache funguo.

Akaziweka juu ya magamba. Akaondoka. Nilidhani atageuka anitukane. Hakugeuka.

Nimefanya kazi ya mlezi. Mlezi haogopi ndugu.

Jumapili, 14 Julai

Mkwe wangu ameweka chai mezani akaenda zake. Hakukaa.

Jumatano, 31 Julai

Mlinzi mpya amekuja. Mtu mzima mwenye adabu. Mke wa Kobe amepita njiani kwetu, amegeukia ukutani mpaka nilipopita. Nasikia sokoni watu wanamfunikia mabeseni akipita. Mtu ambaye hajaiba kitu.

Hiyo sentensi ya mwisho sijui kwa nini nimeiandika. Siifuti. Kufuta ni kuchafua ukurasa.

Jumanne, 20 Agosti

Zulia bado limenona. Mlinzi mpya halali, nimemvizia. Na bado halipungui hata kidogo.

Alhamisi, 5 Septemba

Mchana, watu wote walikuwa sokoni. Nilitupa kimia peke yangu, kwenye kona yenye kina. Kikawa kizito. Nikasema ndio hao, walikuwa wamejificha tu. Kikapiga kwa nguvu, mwatiko hapigi hivyo. Nikavuta mpaka nchi kavu.

Nikamshika kwa mikono. Mrefu, mwembamba, mgumu. Nikaingiza kidole kinywani. Mwatiko hana jino. Huyu alikuwa na kinywa cha kupitisha ngumi yangu, na ndani kote kunakwaruza kama msasa.

Nikamsogeza puani kabisa ndipo nikamwona. Domo-pana.

Nikatoa kisu nikampasua pale pale, nimepiga magoti kwenye tope. Tumboni mwake mlikuwa na mwatiko wawili, mmoja bado ana mkia wake wa mkasi.

Sikuibiwa. Niliwaingiza mwenyewe na ndoo nyeusi, kivulini, nikiwa nimewafukuza wote wenye macho.

Nimemzika samaki yule kwenye mikoko. Nimenawa mikono. Bado inanuka.

Ijumaa, 6 Septemba

Sikumwambia mtu.

Jumatatu, 9 Septemba

Nimewaza hivi. Mavuno ni Oktoba. Nikiwatoa wote kabla ya hapo, hakuna atakayejua. Itabaki kwamba mwizi aliiba, mlezi akalinda kilichobaki.

Nimetunga kamba wa baharini kwenye ndoano. Domo-pana anawapenda hao. Mwatiko hana habari na ndoano. Nimewapata wanne wakati wa chakula cha mchana.

Jumatano, 11 Septemba

Watatu. Nabeba kwenye kikapu, nafunika kwa majani ya mikoko.

Jumamosi, 14 Septemba

Leo lazima niandike hata kama mkono unakataa.

Nilikuwa natoka na kikapu, majani juu. Mmoja alikuwa bado hajafa, akawa anapigapiga chini ya majani. Mlinzi mpya akatoka kibandani akasimama mbele yangu. Akakisikia kikapu. Namjua mtu anaposikia.

Akasema, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Kikapu kizito hicho. Nikusaidie?"

"Ni udongo wa kuzibia ukuta."

Udongo unaopigapiga! Akanitazama, akatazama kikapu, kisha akapisha njia. Akasema, "Haya mzee, pole na kazi." Hakunipekua. Kobe angepita na kikapu namna ile ningemvua nguo.

Nimefika mikokoni nikashindwa kuchimba. Nimekaa nao mpaka yule wa mwisho amekufa. Katika bwawa letu mwaka huu mtu aliyetoa samaki kwa kuficha, akadanganya mlinzi, akazika, ni mmoja, na nimemwandika humu kwa mkono wangu.

Jumapili, 15 Septemba

Sikwenda bwawani.

Jumatano, 25 Septemba

Mkwe wangu amesema, "Baba, unaumwa?" Nimesema mgongo. Aliposimama kwenye mlango nilimjua kwa sauti tu. Uso wake ulikuwa moshi. Nadhani ni hivyo tangu mwaka jana. Huwa nawatambua watu kwa mwendo na kukohoa, nawaita majina yao kabla hawajasema, wao wanasema, mzee ana macho huyu.

Ijumaa, 4 Oktoba

Nimekwenda kwa Kobe. Nilisimama nje ya uzio mpaka mbwa akachoka kubweka. Mkewe alinifungulia, hakusema karibu, hakusema usiingie.

Kobe alikuwa anasuka kamba. Nilibeba kwenye kikapu domo-pana mmoja niliyemvua alfajiri, mkubwa kuliko wote. Nikamweka miguuni pake. Nikamwambia yote, ndoo, kinywa, tumbo, mazishi ya mikokoni. Hata la mlinzi nilimwambia. Nilimaliza, yeye anasuka.

Mwishowe akasema, "Umemwambia nani mwingine?"

"Nimeanza kwako."

"Kwangu? Mimi nilikuwa sijui kwamba sikuiba?"

Akaweka kamba chini. "Uliniita mwizi langoni. Watu wamesimama, wewe umeinua gamba juu. Leo umekuja kuninong'oneza chumbani, mke wangu tu ndiye shahidi, na huyo alikuwa anajua tangu siku ya kwanza maana yule samaki alimpika yeye."

"Nitasema, shemeji. Siku ya mavuno."

"Chukua samaki wako."

Nikainama kumchukua. Nilipapasa sakafu upande ambao hakuwepo. Kobe akaniangalia nikipapasa. Akausogeza mkono wangu mpaka kwa samaki. Hakusema kitu, na laiti angesema.

Alhamisi, 17 Oktoba. Bamvua. Mavuno

Mwatiko anapenda maji mapya. Bamvua likipanda ukifungua lango, yeye hukimbilia mkondo unaoingia, anakuja mwenyewe mpaka kwenye kisima kidogo cha langoni, unafunga nyuma yake. Mwaka mwingine maji huchemka kwa wingi wao, fedha tupu.

Walikuja watu wa kikundi, wanunuzi na ndugu zao. Kobe nilimtumia salamu. Nilisikia kikohozi chake nyuma ya watu, mbali.

Mkwe wangu alifungua lango. Maji yakaingia. Watu wakainama. Nikasikia maji yanapigwa, lakini kidogo. Mwuza samaki akaanza kuhesabu kwa sauti, akaacha, maana hapakuwa na cha kuhesabu. Wazuri, walionona, na wachache wa kujaza beseni moja. Kisha wakaja wale warefu.

Mtu akasema, "Hawa ni domo-pana! Hawa wametoka wapi?"

Mkwe wangu akageuka upande wangu. Sikumwona uso, ila niliona kichwa kimegeuka. Alikuwa ameshaelewa. Angeweza kusema, akaniachia mimi.

Nikapanda juu ya ubao ule ule nilioweka magamba. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, yalinitoka yote. Nikasema: "Mimi ndiye niliyewaingiza. Niliwachambua kwenye ndoo nyeusi kwa sababu kwenye beseni jeupe sioni. Hata kwenye nyeusi sikuona. Siwaoni nyinyi hapa. Lile gamba nililoinua juu sikuliona, nilikuwa nimeshika kitu chembamba tu. Shemeji yangu hakuiba samaki hata mmoja. Aliyetoa samaki kwa kuficha ni mimi, mwezi uliopita, na mlinzi huyu ni shahidi, nilimdanganya ni udongo."

Hakuna aliyecheka. Nilikuwa natamani mtu acheke.

Mwuza samaki akasema, "Sisi tulikubali, mzee. Sote tulikubali." Sauti yake kubwa ilikuwa imevunjika. Mwingine nyuma yake alisema mambo mengine, makali, ambayo nilistahili na sitayaandika.

Nikashuka. Hakuna aliyenishika mkono, nikajikwaa kwenye ndoo.

Jumanne, 22 Oktoba

Mkwe wangu amenipeleka hospitali. Mtoto wa jicho, yote mawili. Daktari kauliza tangu lini. Nimesema mwaka huu. Mkwe wangu akakohoa. Nikasema basi, miaka mitatu.

Kikundi kimemwomba Kobe arudi. Amesema kulinda atarudi kwa sababu ya kikundi.

Jumamosi, 2 Novemba. Bamvua

Watoto wa samaki wamekuja tena. Akina mama wanne wamekaa na beseni jeupe katikati. Mimi si mlezi. Mimi kazi yangu ni kubeba maji ya kujazia beseni, na kusimama upande usioziba jua. Mkwe wangu ananiambia, "Baba, hapo, simama hapo hapo," na mimi nasimama.

Asubuhi nilipita kwenye kibanda nikiwa na ndoo zangu. Niliujua mwendo wa Kobe kabla hajafika. Nikapunguza hatua. Nilikuwa nimetayarisha kichwa changu kwa neno lolote, kipara, kipofu, ndoo nyeusi, kupiga ramli, chochote. Miaka yote ile nilikuwa namjibu kabla hajamaliza.

Akasimama. Tumezaliwa mwaka mmoja, mimi na yeye.

Akasema, "Shikamoo, mzee."

Watu walikuwa wanasikiliza. Nikajibu marahaba, nikabeba maji.